Sheikh Mbaruk na Stempu za Mwaka wa Vita

Mimi ni mkusanyaji wa stempu, na nyumbani kwangu Kizingo ninacho kitabu kimoja kidogo nilichokiweka mbali na vingine. Ndani yake mna stempu chache za Mombasa za mwaka 1895. Hazina uzuri wa kumvutia mtoto: chapa zimepinda na wino umefifia. Wageni wakiniuliza kwa nini nazithamini, huwasimulia habari za mtu ambaye sura yake haimo hata katika stempu moja, naye ni Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, bwana wa Gasi.

Baba yake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui hapa Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliitwaa Ngome, na baadaye wakuu wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, wala hawakurudi tena. Jamaa waliosalia waligawanyika. Wengine walihamia Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gasi upande wa kusini. Mbaruk alikulia upande wa Gasi, na huko ndiko alikokuja kuwa mkubwa wa watu wake.

Hakuwa mtu wa kutawalika kwa urahisi. Mara kwa mara aliteta na Unguja, na mwaka 1882 Seyyid Barghash alimpelekea jeshi chini ya Lloyd Mathews. Kila aliposhindwa pwani, Mbaruk alikimbilia Mwele, boma lake la msituni bara ya Gasi, akangoja mambo yapoe. Wala si haki kumpamba kupita kiasi. Alikuwa mtu wa zama zake, alimiliki watumwa, na wako wengi waliomwogopa kwa ukali wake.

Wakati huo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imeukodi mwambao kwa Sultani wa Unguja. Mbaruk alipatana nayo, akawa anapokea posho. Mwezi wa Mei 1890 Kampuni ilianza kazi ya posta Mombasa na Lamu kwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa juu yake. Baadaye ikaleta zake zenye picha ya jua na taji. Lakini stempu za thamani ndogo zilikwisha upesi, na meli ya kuleta nyingine ilikuwa mbali. Basi mwaka 1891 maofisa wa Kampuni walishika kalamu, wakaandika thamani mpya juu ya stempu moja moja na kutia herufi za majina yao. A.D. ni Andrew Dick, mhasibu mkuu. V.H.M. ni Victor Mackenzie wa benki.

Mwezi wa Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Hapo ndipo fitina ilipozuka. Kampuni ilimpendelea mwanawe, Rashid, ikamwacha mpwa wa marehemu aliyekuwa na madai yake. Huyu naye akiitwa Mbaruk bin Rashid, jina moja na mzee wa Gasi, na msomaji asiwachanganye. Kijana alikimbilia Gasi kuomba hifadhi. Mzee alitakiwa amtoe, naye hakumtoa. Alijua gharama yake: posho, nyumba, mji na amani ya uzeeni. Lakini jamaa aliyeingia nyumbani kwako kutaka himaya humkabidhi vipi kwa anayemsaka?

Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliondoka na serikali ya Uingereza ikashika nchi. Stempu za serikali hiyo hazikuwapo. Mwezi huo huo, hapa Mombasa, zilitolewa stempu za Kampuni zilizosalia zikapigwa mhuri wa mkono wenye maneno matatu, BRITISH EAST AFRICA, moja juu ya jingine. Nyingine zilipigwa mara mbili. Oktoba zikaletwa stempu za Bara Hindi zenye kichwa cha Malkia Victoria, zilizochapwa Unguja kwa haraka hata katika baadhi yake kukawa na makosa ya herufi.

Kati ya mihuri hiyo miwili damu ilikuwa ikimwagika. Tarehe 17 Agosti Admirali Rawson aliishambulia Mwele na kuitwaa. Hata hivyo vita havikuisha. Hamis bin Kombo wa Mtwapa aliingia upande wa Mbaruk, na wako Mazrui waliosimama na Waingereza, ndugu kwa ndugu. Askari walitolewa Bara Hindi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka pamoja na watu wake, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann wa Wadachi. Alikaa Dar es Salaam hadi kufa kwake, asiione Gasi tena. Nyumba yake huko Gasi ilikuja kufanywa shule.

Kwa hiyo nikiitazama stempu yenye mhuri wa posta wa kati ya Julai 1895 na Aprili 1896, naona mambo mawili. Serikali iliyokuwa haina hata karatasi yake ya kulipia barua ilikuwa na mizinga ya kutosha kubomoa boma. Na stempu hutuambia nani alitawala, haitwambii nani alikataa. Hilo la pili ni juu yetu kulisimulia.

Kwa wenzangu wakusanyaji, neno moja. Mihuri hii ya mkono imeigwa sana na walaghai, basi usitoe fedha kabla ya kumwonyesha mjuzi. Na ukiipata bahasha kuukuu katika sanduku la bibi, usiikate wala usiirowanishe kuibandua stempu. Iache nzima. Jina la mji na tarehe iliyopigwa juu yake ndiyo historia yenyewe, na ikisha kukatwa hairudi.