George Grenfell, aliyepima mto mbele ya kujenga

Mara hii tunawaletea maisha ya George Grenfell, Mwingereza wa misioni ya Wabatisti, aliyezaliwa mwaka 1849.

Alifika Kongo mwaka 1878. Meli yake, jina lake Peace, ililetwa vipande vipande, ikabebwa vichwani kupita maporomoko yote mpaka Léopoldville. Wale wapagazi tusiwasahau. Mafundi watatu waliotumwa kuiunga walikufa mmoja baada ya mwingine, basi Grenfell akaiunga mwenyewe, pamoja na mafundi Waafrika, mwaka 1884.

Sasa meli iko tayari, lakini hakukimbilia kujenga. Alipanda mto mpaka maporomoko ya Kisangani, akipima kina cha maji, akichora visiwa na vijiji, akiangalia wapi watu ni wengi na wapi wanapokea mgeni. Mwaka 1885 aliingia Ubangi, na huko walipigwa mishale. Mke wake Rose, mama mweusi wa Jamaica, alisafiri naye, na mtoto wao mdogo vilevile! Sisi tunaheshimu sana moyo wa mama huyo.

Ndipo misioni zikasimama: Lukolela 1886, Bolobo 1888. Grenfell alikufa Basoko, tarehe 1 mwezi wa saba 1906.