Alexander Mackay: Fundi aliyefunga injini ya stima Kageye, akafa kabla haijaelea

Ukipita Kurasini mchana, utawaona mafundi wamefungua injini ya lori juu ya turubai, mikono imejaa grisi. Spea ikikosekana, mtu anadandia bodaboda mpaka Gerezani. Saa moja, mzigo umefika.

Sasa fikiria umekaa kando ya Ziwa Victoria mwaka 1878. Una injini ya stima vipande vipande, vingi vimeota kutu, na duka la spea la karibu liko Ulaya. Huyo ndiye Alexander Mackay, Mskoti ambaye watu walimwita Mzungu wa Kazi. Wengi tunamsikia kama mmisionari wa Uganda. Lakini kwanza kabisa jamaa alikuwa fundi.

Alizaliwa Oktoba 13, 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland, mtoto wa mchungaji. Baba alitaka mwanawe afuate madhabahu, mtoto akapenda vyuma. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitembea maili kadhaa kwa miguu hadi stesheni, kisa tu akione kichwa cha treni, ambacho kilisimama pale dakika mbili na nusu basi.

Akasomea ualimu na uhandisi Edinburgh, kisha mwaka 1873 akahamia Berlin kuchora mitambo. Mchana alikuwa wa mwajiri. Muda wake mwenyewe akabuni mashine ya kilimo inayoendeshwa kwa mvuke, nayo ikapata tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya Breslau. Maisha yalishanyooka. Ila akajiandikisha na CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, na Mei 1876 akashuka Zanzibar.

Mpango ulikuwa kupanda bara kwa stima. Walikuja na boti ndogo ya mvuke, Highland Lassie, wakajaribu mto Wami na Kingani, yaani Ruvu. Anayeijua Wami anajua walichokutana nacho: kona, magogo na maji madogo. Ikashindikana.

Basi, vyuma vikapanda vichwani mwa watu. Hapa wasimulizi wengi hupita haraka, mimi naona ndipo penye uzito. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, hivyo kilichotakiwa ziwani kiligawanywa na kubebwa wiki kwa wiki kupita Mpwapwa na kuendelea. Majina ya wabebaji hao hayamo kwenye vitabu. Bila shingo zao hakuna injini.

Mackay mwenyewe homa ilimrudisha Pwani. Mwaka 1877 akapewa kazi ya kukata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230 hivi, karibu kilomita 370. Desemba mwaka huohuo wenzake wawili, Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe katika ugomvi kati ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro.

Alipofika Kageye, upande wa Mwanza, Juni 1878, alikuta mali ya msafara imerundikwa ndani ya banda. Vipande vya boila vimechanganyika na vitabu, mabomba ya mvuke na karatasi, mafuta ya taa na herufi za kuchapia, na baruti humohumo! Kutu kila mahali.

Fundi yeyote anaijua hali hiyo, ukifungua boksi la mtu mwingine aliyekwisha ondoka. Mackay alifanya kazi siku kumi, alfajiri mpaka giza. Akatenganisha, akasugua, akafunga. Mwisho wa siku hizo injini ilisimama kamili hadi skrubu ya mwisho, na boila ikawa tayari kupigwa ribiti.

Kilichokosekana ni stima yenyewe. Boti yao, Daisy, ilikuwa imeharibika. Akaikarabati, ikavuka ziwa kwa tanga. Injini haikuingia.

Buganda alifika Novemba 1878. Kwake Nateete akajenga karakana yenye kiwanda cha uhunzi, mashine ya kukereza na jiwe la kunolea la kuzungusha. Watu walijaa kuangalia gurudumu likizunguka. Vijana walijifunza kusoma na kushika nyundo mahali pamoja. Mama yake Kabaka Mutesa alipofariki mwaka 1882, ni Mackay aliyetengenezeshwa majeneza makubwa ya kifalme. Mutesa mwenyewe alikuwa anawaza zaidi bunduki.

Tusimpambe sana. Alikuwa na hasira za haraka, akagombana na Waarabu wa ikulu na mapadri Wakatoliki waliofika 1879. Ugomvi huo wa wageni uliwachanganya Waganda, na uliacha makovu.

Mutesa akafa 1884, akaja Mwanga. Januari 1885 wanafunzi watatu wa misheni waliuawa kwa moto, na mwaka uliofuata wakauawa wengi zaidi. Mackay alibaki, akiendelea kukereza na kuchapa. Julai 1887 akalazimika kuondoka, akavuka ziwa kurudi upande wa kusini, mahali panaitwa Usambiro.

Hapo akaanza upya. Na akarudia lilelile: stima.

Agosti 1889 Stanley alipopita Usambiro akiwa na Emin Pasha, alikuta karakana imara imejaa vyombo na mitambo. Wahunzi walikuwa wakiandaa boila ya boti. Nje kulikuwa na mtumbwi mkubwa unaofanyiwa ukarabati, mashimo ya kupasulia mbao na magogo ya miti migumu. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu Kageye.

Wageni walikaa siku 19. Mackay alishauriwa aondoke nao akapumzike Ulaya, maana alikuwa hajarudi kwao tangu 1876. Akakataa, hakuwepo wa kushika nafasi yake. Kumbuka yule mtoto wa stesheni. Boila ilikuwa uani, haijaisha.

Msafara ukaondoka Septemba. Miezi mitano baadaye homa ikampiga tena, siku chache tu, na Februari 8, 1890 akafariki akiwa na miaka 40. Alizikwa hapohapo Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Mwaka 1900, kule Kisumu, meli ya mvuke William Mackinnon ikashushwa ziwani. Nayo ilitoka Ulaya vipande vipande, na sehemu kubwa ya safari ya bara vipande hivyo vilikwenda vichwani mwa wapagazi.