John Browning: Fundi aliyebuni bastola iliyoanzisha vita vilivyofika hadi kwetu

Juni 28, 1914, kijana Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa kiti cha Austria mjini Sarajevo. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Miaka miwili baadaye vita ilikuwa Kondoa Irangi, jirani zetu kabisa, na mwaka huohuo wa 1916 Waingereza wakaitwaa reli ya kati inayopita Manyoni. Watu wa kanda ya kati walibebeshwa mizigo ya majeshi, nafaka na ng'ombe wao vikachukuliwa.

Bastola aliyotumia Princip ilikuwa FN modeli ya 1910. Aliyeibuni hakuwa Mserbia wala Mwaustria. Ni Mmarekani, John Moses Browning.

Mtoto wa fundi

Browning alizaliwa Januari 23, 1855 mjini Ogden, Utah. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki, kwa hiyo dogo alikulia karakana, kama watoto wa wahunzi wetu wanavyokulia penye mivukuto.

Mwaka 1879 alipata hataza yake ya kwanza, ya bunduki ya risasi moja moja. Kampuni ya Winchester ikainunua mwaka 1883 kwa dola 8,000. Baadaye akaanza kufanya kazi na kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji. Hadi anafariki alikuwa na hataza 128. Si mchezo.

Mwaka 1911 jeshi la Marekani lilipitisha bastola yake, ile M1911. Kwenye majaribio ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama.

Alama za kulengea

Sasa hapa ndipo kuna somo. Juu ya bastola kuna kinundu mbele na kipengo nyuma, na jicho huvioanisha kabla ya kufyatua. Kwenye bastola ya 1910 alama hizo hazisogezwi, tena zimezamishwa ndani ya mfereji juu ya bastola. Sababu ni rahisi: ikitolewa mfukoni isinase kwenye nguo.

Zipo pia alama zinazorekebishwa, juu au chini, kushoto au kulia. Hizi zinasaidia ukilenga mbali au ukibadilisha risasi, maana risasi za uzito tofauti hazitui sehemu moja. Shida ni kwamba zina vipande vingi zaidi. Zikigongwa zinaweza kuhama, na mwenye silaha asijue mpaka siku anapoihitaji. Siku hiyo risasi inaweza kumpata asiyehusika.

Bastola ya mwisho

Browning alifariki Novemba 26, 1926 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa kazini kiwandani Ubelgiji. Alikuwa na miaka 71. Mwili ulirudishwa Ogden.

Aliacha michoro ya bastola nyingine. Mbelgiji Dieudonné Saive akaiendeleza, na mwaka 1935 ikatoka kwa jina la Hi-Power. Kiwanda kilitoa aina mbili: moja ya alama zisizosogezwa, nyingine ya alama zinazorekebishwa hadi umbali wa mita 500.

Mita 500 kwa bastola! Hiyo ni kama viwanja vitano vya mpira vikipangwa kwa urefu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Inglis cha Canada kiliziunda zote mbili. Za kurekebishwa zilitengenezwa kwa ajili ya China, za kudumu zikaenda kwa majeshi ya Canada na Uingereza. Waingereza wakaendelea na hizo za kudumu kwa miongo mingi, kwa kuwa askari hutumia bastola adui akiwa karibu, na hana muda wa kuzungusha skrubu.

Kwa mmiliki wa leo

Hoja hiyo haijazeeka. Mfanyabiashara wa alizeti anayemiliki bastola kihalali kwa kujilinda anafikiria hatua chache, mlangoni au kwenye gari. Alama za kudumu zinamtosha, mradi amejifunza kulenga na anajua risasi zake zinatua wapi. Anayeshindana kwa shabaha ndiye anayehitaji za kurekebisha.

Na kabla ya yote, kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na njia yake inaanzia polisi. Bila hiyo, aina ya alama haikusaidii kitu.