Askofu Edward Steere: Mwalimu wa Walimu (1828–1882)

Kutoka Mlandege hadi Mkunazini ni mwendo mfupi. Zamani mtu alivuka mkono wa bahari uliotenga Ng'ambo na Mji Mkongwe kwa daraja lililoipa Darajani jina lake. Leo mkono huo wa bahari umejazwa, na mwenda kwa miguu hukata barabara tu. Mbele yake lipo Kanisa Kuu la Kristo la ndugu zetu Waanglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na nyuma ya madhabahu yake amezikwa Askofu Edward Steere. Wageni wanaofika hapo huelezwa habari za soko na habari za jengo. Ni mara chache kuelezwa kwamba mtu huyu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandaa walimu, na kwamba walimu hao ndio walioibeba kazi alipoondoka duniani. Walutheri wa pwani wamerithi mengi kutokana na kazi hiyo, hivyo ni haki apate nafasi katika kumbukumbu hizi.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha mji huo, akapata shahada ya juu, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Lakini moyo wake haukutulia mahakamani. Mwaka 1856 alipewa ushemasi, na baadaye akawa kasisi wa parokia ndogo ya mashambani iitwayo Little Steeping, katika mkoa wa Lincolnshire. Huko alikuwa jirani na rafiki wa kasisi William Tozer. Tozer alipochaguliwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kama UMCA, Steere alikubali kufuatana naye kwa muda. Muda huo ukageuka kuwa maisha yake yote.

Mwanzo wa safari ulikuwa mgumu. Mwaka 1863 walipiga kambi katika mlima Morumbala, karibu na mto Shire, kuendeleza kazi ambayo tayari ilikuwa imegharimu maisha ya wamisionari kadhaa. Homa na upweke viliwashinda. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliamua kuhamishia misheni Unguja, ili kutoka hapo watu waandaliwe kwanza na bara liingiwe baadaye. Wengi Uingereza waliuona uamuzi huo kuwa ni kurudi nyuma. Ndani yake, hata hivyo, lilikuwamo swali lililoongoza maisha ya Steere tangu siku hiyo: kama mgeni kutoka Ulaya anaweza kufa kwa homa katika mwaka wake wa kwanza, ni nani atakayefundisha mwaka wa pili?

Jibu lilianza na watoto watano. Walikuwa wavulana waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer. Hawakuwa na wazazi wala ukoo wa kuwategemea, na hakuna aliyewauliza kama walitaka kuwa wanafunzi. Wengine waliongezeka kadiri manowari za Kiingereza zilivyokamata majahazi. Machoni pa watu wengi wa siku zile, wa Ulaya na wa pwani pia, mtoto wa namna hiyo alifaa kuwa mtumishi wa nyumbani au kibarua wa shamba. Kumfanya mwalimu ni jambo ambalo halikufikiriwa. Steere alilifikiri, akalifanyia kazi.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kukaa chini ajifunze yeye mwenyewe. Kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichokuwapo kilitungwa na Johann Ludwig Krapf, Mlutheri kutoka Württemberg aliyefika Unguja mwaka 1844 kabla ya kufanya makao Mombasa, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1850. Lakini kilifuata zaidi matamshi ya Mombasa. Steere alitaka kujua watu wa Unguja wanasemaje. Alikwenda kwa wenye lugha: Sheikh Mohammed bin Ali, mwanachuoni aliyemfundisha kwa uvumilivu, na kijana Hamisi wa Kayi, miongoni mwa wengine. Hawa walikuwa Waislamu, naye aliwataja kwa shukrani katika vitabu vyake. Matunda yake yalionekana mwaka 1870 alipochapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, pamoja na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Kazi hiyo ya lugha ilikuwa sehemu ya kuandaa walimu. Steere aliona kwamba mwalimu anayefundishwa kwa lugha ngeni tu atarudi kwa watu wake akiwa na maneno ambayo hawezi kuwagawia. Kwa hiyo alikusanya pia maneno ya lugha za nyumbani kwa vijana wake: Kishambaa mwaka 1867, Kiyao mwaka 1871, Kimakonde mwaka 1876, na Kinyamwezi pia. Vilikuwa vitabu vidogo, vilivyoandikwa kwa msaada wa wanafunzi wenyewe. Hivyo mwanafunzi alimfundisha mwalimu wake lugha ya mama, na kwa kufanya hivyo akaanza kujifunza namna ya kufundisha.

Shule yenyewe iliwekwa Kiungani, nje kidogo ya mji upande wa kusini, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Vijana walisoma Maandiko, kusoma na kuandika, hesabu na uimbaji. Wakubwa waliwafundisha wadogo, wakijifunza kazi ya ualimu kwa kuifanya. Mtambo wa kuchapa uliofika na misheni ulikuwa darasa la pili. Steere alijua uchapaji kwa mikono yake, naye aliwafundisha vijana kupanga herufi, kusahihisha na kupiga chapa. Somo lililohitajika asubuhi liliweza kutoka mtamboni humo humo, kwa Kiswahili, likiwa limepita mikononi mwa wale watakaolifundisha. Si kila kijana aliyefaa kwa ualimu, wala Steere hakulazimisha. Wengine walipewa ufundi, na wengine walipata makazi na mashamba Mbweni.

Mwaka 1868 alirejea Uingereza, na mwaka 1872 akarudi Unguja. Mwaka huo huo kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa na kuangusha mikarafuu na majengo. Afya ya Askofu Tozer ilikuwa imevunjika, naye akajiuzulu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini. Mwezi Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu. Aliusimamia ujenzi huo mwenyewe, lakini wakati kuta zikipanda hakuiacha Kiungani.

Wasichana nao hawakusahauliwa. Mwaka 1877 Bibi Caroline Thackeray alifika kusimamia shule ya wasichana ya Mbweni. Alidumu katika kazi hiyo kwa miaka mingi, akabaki Unguja hata alipostaafu, na huko akafariki mwaka 1926. Shuleni kwake walitoka walimu wa kike, jambo lililokuwa adimu katika pwani yote wakati ule.

Kipimo cha kwanza cha mafunzo hayo kilikuja mwaka 1876. Askofu Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, kupitia Lindi kuelekea bara, kwa nia ya kufika ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wengi waliitambua nchi kuwa karibu na kwao, na makazi yakaanzishwa hapo. Askofu alirudi Unguja, kazi ikabaki mikononi mwa wamisionari wachache na walimu wa Kiafrika. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa mwaka 1864, alipewa ushemasi mwaka 1879. Katika muda wa miaka 15 mtoto aliyetolewa katika jahazi la watumwa alisimama madhabahuni akiwa mtumishi wa Kanisa.

Kipimo cha pili kilikuwa kikali zaidi. Mwezi Agosti 1882, mara baada ya kurejea kutoka Uingereza, Askofu Steere alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 54. Mwaka huo huo Masasi ilishambuliwa na Wangoni walioitwa Magwangwara. Nyumba zilichomwa na watu wakachukuliwa mateka. Kama kazi yote ingekuwa imesimama juu ya mtu mmoja, ingeanguka naye. Haikuanguka. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kulelewa Kiungani, alikwenda Chitangali mwaka 1886 akiwa shemasi. Mwaka 1890 aliwekwa kuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, naye aliendesha shule na makanisa kwa miaka mingi bila Mzungu kukaa pamoja naye. Chuo cha Kiungani kiliendelea kutoa walimu hadi mwaka 1925, kazi yake ilipohamishiwa Minaki, katika nchi ya Kisarawe.

Kisarawe ni jina wanalolijua Walutheri. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, miaka mitano baada ya kifo cha Steere, na mapema walifungua kazi Kisarawe. Walikuta Kiswahili kimekwisha kuandikiwa sarufi. Agano Jipya Steere alikuwa amelikamilisha kabla ya kufariki, na Biblia nzima, iliyoendelezwa na wenzake, ilitoka mwaka 1891. Mmisionari Karl Roehl wa Misheni ya Betheli alitoa tafsiri yake kamili mwaka 1937, na tafsiri ya pamoja ya mwaka 1952 iliunganisha urithi wa Unguja na ule wa Mombasa. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930. Kila msharika anayefungua Biblia ya Kiswahili ibadani hugusa kazi iliyoanzia katika vyumba vya Kiungani.

Maisha ya Askofu Steere yanaacha fundisho kwa shule za Jumapili, kwa vyuo vya Biblia na kwa shule za Dayosisi. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo kuyakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Steere alilitii agizo hilo kwa njia za kawaida: kujifunza lugha ya wanafunzi wake, kuwaachia kazi halisi mapema, kuwapa vitabu walivyoshiriki kuvitengeneza, na kuwatuma mahali ambapo yeye hatakuwapo. Mwinjilisti au mwalimu anayetumwa mtaani akiwa na semina ya siku mbili na kitabu cha kuazima hajapewa alichopewa John Swedi. Usharika unaotaka kuiona kazi yake ikidumu miaka 100 mingine utenge fedha, muda na watu wake bora kwa ajili ya wale wanaofundisha, kabla haujatenga kwa ajili ya kuta. Steere alijenga vyote viwili. Kuta za Mkunazini alizianza mwaka 1873. Wale watoto watano alikuwa ameanza kuwafundisha miaka tisa kabla.

Mungu na asifiwe kwa ajili ya mtumishi wake huyo, na kwa ajili ya walimu wote wa Unguja ambao majina yao hayakuandikwa kokote.