Gwassa, Mwanahistoria wa Maji Maji

Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein twamjua. Je, Gilbert Gwassa mwamjua?

Marehemu huyu alikuwa mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1960 aliketi na wazee walioviona vita vya 1905 hadi 1907. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba. Kinjikitile wa Ngarambe akagawa maji ya dawa, naye akanyongwa. Watawala walisema ni uchawi tu. Gwassa akaonyesha kuwa maji yale yaliunganisha makabila. Alipata udaktari 1973. Kitabu chake kikachapwa 2005, keshafariki.

Hapa kwetu Golbanti, mmishonari Houghton na mkewe waliuawa 1886. Wazee wetu walisimuliwa. Jamani, nani kawauliza?