Tatu: mganga mwenye bunduki katika milima ya Fizi

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, watu 14 walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, huku kwetu Fizi. Mkubwa wao alijiita Tatu, aliyefuata Moja na Mbili. Jina la ajabu kwa mkubwa, lakini ndivyo alivyotaka: asijulikane. Alikuwa Ernesto Che Guevara, mzaliwa wa Argentina mwaka 1928, daktari aliyepigana vita ya Cuba. Sasa alikuja kuwasaidia Simba waliokuwa wakipigana na serikali.

Hakupata raha. Pumu ilimbana, tumbo nalo likamuendesha. Mwezi Mei akaletewa habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Kumbe alikuwa ameshafariki kule Buenos Aires. Mtoto hakuzika.

Tarehe 7 Juni akampoteza Leonard Mitoudidi, mkubwa wa wapiganaji aliyeanza kuweka utaratibu kambini. Huyu hakuuawa na risasi. Mawimbi yalimtupa ziwani toka kwenye boti, akazama, pamoja na wawili waliojaribu kumuokoa. Watu wa ziwa mnajua upepo ule.

Mwisho wa Juni wakashambulia Bendera, kwenye kituo cha umeme. Tatu mwenyewe alibaki nyuma, maana Kabila hakuwa amempa ruhusa ya kwenda mstari wa mbele. Wacuba 4 walikufa, pamoja na wapiganaji Wanyarwanda. Karatasi zilizokutwa kwa maiti zikafichua kwamba Wacuba wako Kongo.

Kisha zamu ya Baraka. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walishuka kwa boti. Simba waliwapinga vikali kuliko walivyotegemea, lakini mji ulianguka, na Fizi nayo ikafuata mwezi Oktoba. Tarehe 24 mwezi huo kambi ya Tatu ilivamiwa, silaha na chakula vikaachwa. Mpiganaji wake aliyeitwa Bahasa alijeruhiwa kifuani, akabebwa mlimani kwenye matope, akafa. Alikuwa Mcuba wa 6 kufia hapa, na wa kwanza ambaye Tatu aliweza kumzika.

Tarehe 21 Novemba, kabla ya kupambazuka, Wacuba walipanda boti kurudi Kigoma. Nafasi haikutosha. Wakongomani wengi waliopigana nao miezi 7 walibaki ufukweni, wengine wakilia, boti zikienda.