Abraham Darby wa Tatu: alijenga daraja la chuma, akafa na madeni

Wadau, historia ya Uingereza tuliyolishwa shuleni ilikuwa ya wafalme na vita. Leo nawaletea ukoo wa mafundi. Kijiji chao kinaitwa Coalbrookdale, kiko Shropshire kando ya mto Severn. Walipokezana kazi wanaume watatu wa jina moja, Abraham Darby: babu, baba na mjukuu. Mimi hasa namtaka mjukuu, lakini huwezi kumwelewa bila kuanza na babu yake.

Babu alizaliwa 1678, mtoto wa mkulima aliyekuwa pia fundi makufuli. Dini yao ilikuwa ya Marafiki, hao hao ambao leo wana waumini kibao kule Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Zama hizo mtu wa Marafiki alikuwa hapewi shahada Oxford wala Cambridge, kwa hiyo wengi waliingia kwenye ufundi na biashara. Darby alijifunza kazi Birmingham, akahamia Bristol mwaka 1699 na baadaye akaanza kutengeneza vyombo vya shaba. Hapa lazima niseme ukweli: Bristol ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya utumwa, na vyombo vya shaba vya mji ule vilipakiwa kwenye meli za kwenda Afrika Magharibi kubadilishwa na watu. Wasifu wa huyu mzee mara nyingi hupita hapo mbio mbio.

Mwaka 1707 alipata hakimiliki ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, vyembamba na vya bei nafuu kuliko vya shaba. Yaani mapinduzi ya viwanda tunayoyasikia, kwa ukoo huu yalianzia jikoni! Mwaka uliofuata akakodi tanuri bovu la Coalbrookdale.

Sasa kimbembe kilikuwa mkaa. Kuyeyusha chuma kulihitaji mkaa wa miti, na mkaa ulikuwa ghali. Makaa ya mawe yalikuwa tele, ila yana salfa, na salfa ikiingia kwenye chuma kinakuwa dhaifu, kinavunjika ovyo. Darby alifanya kile ambacho mchoma mkaa yeyote wa mkoa wa Pwani angekielewa: aliyachoma kwanza makaa ya mawe kwa kuyanyima hewa mpaka moshi na uchafu vikatoka, ndipo akayatia tanurini. Ilikuwa mwaka 1709. Bahati pia ilimbeba, kwani makaa ya bonde lile yalikuwa na salfa kidogo.

Akafa 1717, angali na umri mdogo. Mkewe naye hakukaa sana akamfuata. Watoto wakabaki yatima, Abraham wa pili akiwa na miaka sita, na kampuni ikabaki mikononi mwa wabia. Dogo alikua, akaingia kazini, akapanda. Yeye ndiye aliyefanya chuma cha makaa ya mawe kifae hata kwa wahunzi, siyo kwa vyungu peke yake. Akafa 1763, na mwanawe wa tatu hajatimiza hata miaka 13. Shemeji, Richard Reynolds, akashika usukani mpaka 1768, kijana alipoanza kuiongoza kampuni akiwa na miaka 18. Hebu fikiria wewe na miaka yako 18!

Pale bondeni kuvuka Severn kulikuwa kwa mashua, na mto ule ukifurika si mchezo. Msanifu Thomas Pritchard akatoa wazo la daraja la chuma mwaka 1773. Bunge likapitisha sheria 1776, Pritchard akafariki 1777 kabla hajaona kitu, na mzigo wote ukamwangukia Darby. Ndiye aliyekubali kwamba gharama ikizidi makadirio, inayozidi ni juu yake.

Na ilizidi kweli! Makadirio yalikuwa kama pauni 3,200, lakini inakubalika kwamba daraja lilikula zaidi ya 6,000. Zilitumika tani 378 za chuma, vipande zaidi ya 1,700. Kinachonifurahisha mimi ni jinsi walivyoviunga: kwa maungio ya seremala, ulimi kwenye tundu, na kabari za kukaza. Hakuna aliyewahi kujenga kitu kama kile, basi wakatumia akili waliyoizoea kwenye mbao. Nguzo za upinde zilisimamishwa 1779, zikaruka mto wa mita 30 bila mguu katikati. Zilivyopandishwa ilibaki kitendawili mpaka 1997, ilipoonekana huko Stockholm picha ya rangi iliyochorwa na Elias Martin wakati kazi ikiendelea.

Daraja lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1781. Ushuru walilipa wote. Ubao wa bei uliandika wazi kwamba hata askari na jamaa ya mfalme hawana msamaha. Lakini senti hizo zilikuwa za wenye hisa wote, na deni lilikuwa la Darby. Aliweka rehani mali, akakopa kwa ndugu na marafiki, akaishi na madeni hadi alipofariki 1789, naye angali na umri mdogo. Karibu sawa na babu yake.

Mwaka 1795 mafuriko makubwa yaliharibu madaraja mengi ya Severn. Lake likabaki limesimama. Magari yalizuiwa kupita 1934, waenda kwa miguu wakaendelea kutozwa hadi 1950, na tangu 1986 bonde zima liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Mji uliokua pale unaitwa Ironbridge, maana yake Daraja la Chuma. Siyo Darby.

Wadau mnaosubu sufuria na majiko mitaani, hivi ule mchanga wenu mnautoa wapi? Tuambieni hapo chini.